Mtajeni na aliyeiongoza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu mwezi uliopita. Ukurasa wenu wa burudani uliandika habari ya filamu mpya iliyorekodiwa huku kwetu Rungwe. Mlimtaja mwigizaji mkuu, mkaeleza gauni alilovaa siku ya uzinduzi, mkamtaja mwanamuziki aliyeimba wimbo wake, hata ukumbi mkautaja. Nimeisoma habari ile mara tatu nikitafuta jina la mwongozaji. Halimo.

Sitaficha: mwongozaji huyo ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo ni mwanangu. Ila dukuduku langu limeanza kabla yeye hajajua kushika kamera.

Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na kibanda cha video Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, kuanzia mwaka 1993 mpaka 2009. Tulianza na deki moja ya kuchezea mikanda ya video, televisheni ya inchi 21, mafomu kumi na mawili ya mbao na maturubai meusi ya kuziba madirisha. Wakati tunafungua, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. ITV ilianza mwaka 1994, na sisi wa huku juu tulisubiri sana mpaka ikatufikia. Mume wangu alishughulika na jenereta na mlango. Mimi nilishika ubao wa nje na daftari. Wateja waliniita Mama Deki, na mpaka leo wapo wanaume wazima, wenye wajukuu, wanaoniamkia kwa jina hilo pale Kabwe.

Daftari lile lilikuwa na safu tatu: tarehe, jina la filamu, mapato. Safu ya nne iliongezwa na swali la mteja mmoja, kijana fundi seremala. Jumamosi aliangalia Sholay, filamu ya Kihindi. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumeweka Seeta Aur Geeta, ile ya mapacha wawili waliopotezana. Alipotoka akasimama mlangoni akaniuliza, "Mama, aliyetengeneza hii ndiye aliyetengeneza ile ya mapacha?" Nikamuuliza kwa nini anafikiri hivyo. Akasema hajui, ila zinafanana "jinsi zinavyokuchukua". Nikamwambia aje kesho nimjibu.

Usiku ule, watu walipoondoka, nikarudisha mkanda mpaka mwanzo, nikausimamisha kwenye maandishi. Nyie mliozoea simu hamjui adha ya kusoma jina kwenye mkanda uliosimamishwa. Picha inatetemeka, mistari myeupe inapita juu ya herufi. Nilipiga magoti mbele ya kioo mpaka nikalipata: Ramesh Sippy. Nikaweka mkanda wa mapacha. Ramesh Sippy. Yule kijana hakujua Kihindi wala Kiingereza, lakini mkono wa mtu aliutambua.

Tangu siku hiyo nikawa naandika safu ya nne katika daftari, na jina hilo hilo nalipandisha kwenye ubao kwa chaki chini ya jina la filamu. Mume wangu mwanzoni aliona napoteza chaki. Baada ya miezi michache wateja wakaanza kuuliza, "Mama Deki, leo kuna Sippy?" Steringi mmoja anaweza kukujazia kibanda Jumamosi, Jumapili ukaweka filamu yake nyingine watu wakatoka katikati wakidai kiingilio chao. Steringi ni yule yule, uso ule ule, ngumi zile zile, lakini kichwa kilichopanga mambo ni kingine. Hilo nililiona kwenye safu ya mapato, usiku baada ya usiku.

Nieleze sehemu moja tu ya Sholay, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha mwongozaji ni nani. Ni filamu ya saa tatu na zaidi, ina treni, farasi, bunduki na jambazi Gabbar Singh ambaye watoto wa Mwanjelwa walimwiga mitaani. Lakini katikati ya vurugu zote hizo kuna mjane, kavaa nyeupe, anapita barazani jioni akizima taa moja baada ya nyingine. Upande wa pili, chini, Jai, mmoja wa vijana wawili waliokodiwa kumsaka Gabbar, amekaa anapuliza kinanda cha mdomo. Hawasemezani. Anazima taa, anamtupia jicho, anaingia ndani. Basi. Wale vijana wangu waliokuwa wanapiga miluzi risasi zikilia, hapo walikuwa kimya kabisa, unasikia jenereta nje. Mimi mwenyewe nilikuwa nasimama nyuma na tochi yangu, kila mara, nisubiri ile taa ya mwisho. Sasa nami ni mjane, na jioni nikizunguka kufunga milango na kuzima taa za nyumba yangu, naikumbuka.

Miaka mingi baadaye mwanangu akanisomea jinsi kipande kile kilivyopatikana. Ramesh Sippy na mpiga picha wake, Dwarka Divecha, walitaka mwanga wa ule wakati jua limeshazama na giza halijaingia. Anayeishi huku nyanda za juu anaujua: mlima bado unaonekana, lakini ndani ya nyumba umeshawasha taa. Hauchukui muda. Kwa hiyo walikuwa wanajiandaa mchana kutwa ili wapate kipande kimoja au viwili jioni, na mtu akikosea, au wingu likipita, wanakunja vyombo mpaka kesho. Kipande kile cha dakika chache kiliwachukua karibu siku ishirini. Sehemu ya kuuawa kwa familia ya Thakur, yule mzee anayemsaka Gabbar, iliwachukua siku ishirini na tatu. Mapambano ya treni, wiki kama saba. Filamu nzima, iliyorekodiwa zaidi kule Ramanagara karibu na Bangalore, ilianza mwaka 1973 ikatoka tarehe 15 Agosti 1975. Nadhani kuna mtu mmoja aliyekuwa anaambiwa kila jioni kwamba fedha zinaisha, na kila jioni anajibu, "Tutarudi kesho." Fedha ni za baba yake, G. P. Sippy, aliyekuwa mtayarishaji, na kumjibu hivyo mzazi anayekulipia si jambo dogo.

Na jambo jingine. Kibandani kwetu palikuwa na ugomvi usiokwisha kuhusu mwisho wa Sholay. Katika mkanda wetu, Thakur aliyekatwa mikono anamkanyaga Gabbar kwa viatu vyenye misumari, anakaribia kummaliza, polisi wanafika wanamzuia. Watu walikasirika kila mara. Sasa kulikuwa na dereva wa lori la Tunduma ambaye aliapa kwamba yeye, ng'ambo ya mpaka, aliona Thakur akimuua Gabbar na hakuna polisi anayetokea. Walimwita mwongo. Aliacha kuja kwa muda kwa sababu hiyo, na ninasikitika mpaka leo kwamba nami niliwaunga mkono waliomcheka. Yule dereva alikuwa sahihi! Sippy alirekodi mwisho ule. Mwaka 1975 India ilikuwa chini ya hali ya hatari, bodi ya ukaguzi ikakataa raia ajichukulie sheria mkononi, ikambidi aite waigizaji upya arekodi mwisho wenye polisi. Mikanda ya mwisho wa kwanza ilivuja ikazunguka duniani. Fikiria, Mhariri, ubishi wa miaka katika kibanda cha Mbeya, na jibu lake lilikuwa ndani ya maisha ya kazi ya mtu mmoja ambaye hakuna gazeti lililowahi kumweleza kwetu.

Filamu hiyo ilipotoka, siku za mwanzo watu hawakuijaza. Baadaye ikakaa katika ukumbi wa Minerva, Bombay, kwa miaka zaidi ya mitano. Kwenye tuzo za filamu za India, Filmfare, ikaambulia moja tu, ya uhariri, akapewa M. S. Shinde. Mwaka 2005 tuzo hizo hizo zikaitangaza filamu bora ya miaka hamsini. Kati ya hapo na hapo, mwongozaji ilibidi aendelee kufanya kazi. Akatengeneza Shaan mwaka 1980, kwa gharama kubwa, haikupokelewa kama alivyotarajia. Mwaka 1982 akaja na Shakti, ya baba askari na mwana aliyegeuka mhalifu, akawaweka pamoja kwa mara ya kwanza Dilip Kumar na Amitabh Bachchan. Hiyo ilipokuwa inaisha pale uwanja wa ndege, baba anamfyatulia mwanawe risasi, nimeona wanaume wa sokoni wanafuta macho kwa kofia.

Kisha akaenda kwenye televisheni, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Mtu aliyepanga milima, treni na farasi kwenye skrini pana ya milimita 70 akakubali kufanya tamthilia ya sanduku dogo sebuleni. Buniyaad ilirushwa na Doordarshan, televisheni ya taifa ya India, kuanzia mwaka 1986, zaidi ya sehemu mia moja, habari za familia ya Lahore iliyong'olewa kwao India ilipogawanywa mwaka 1947. Sippy mwenyewe alizaliwa Karachi mwaka huo huo wa 1947, familia yao ikahamia Bombay. Mwanangu amenionyesha vipande kwenye simu. Maneno siyaelewi. Lakini niliona kwamba milima ameiacha nyumbani: ni vyumba, ni nyuso, ni mtu anasikiliza kwa mlango wa pili. Alijua kioo kidogo kinataka nini. Nikamwambia mwanangu, huyu ni yule yule wa zile taa.

Sasa nimrudie mwanangu, maana nimemuona akifanya kazi kwa macho yangu, Katumba, kandokando ya mashamba ya chai, nilipoitwa niwapikie. Nilikuwa nafikiri mwongozaji ni mtu wa kupiga kelele "Akshen!" na "Kata!" Kwa siku nne nilizokaa nao hakupaza sauti hata mara moja.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya mama anayepigiwa simu aambiwe kwamba mwanawe hajulikani alipo huko Dar es Salaam. Walipanga kurekodi sebuleni kwa dada yangu. Vyombo vimewekwa, taa zimefungwa, mvua ya Rungwe ikashuka. Nyumba ni ya bati. Kijana wa sauti akavua vile vya masikioni, akatikisa kichwa. Hasikii kitu ila bati. Kila mtu akaanza kuangalia saa, maana kamera ilikuwa ya kukodi na ilitakiwa kurudi Mbeya kesho yake. Mwanangu akatoka nje akasimama mvuani, anageuza kichwa hivi na hivi kama anayetafuta kuku. Kisha akarudi akasema, "Tunahamia jikoni kwa mama." Jiko la dada yangu ni la nyasi. Mvua juu ya nyasi hailii. Wote tulikuwa tumekaa pale siku mbili, tumelipita jiko lile mara ngapi, ni yeye peke yake aliyelisikia.

Jikoni giza. Wakaweka ubao uliobandikwa karatasi inayong'aa mlangoni, mwanga wa nje ukaruka ukampata mwigizaji upande mmoja wa uso. Mwigizaji akakaa kwenye kigoda na beseni la ndizi. Alikuwa amejiandaa kulia; kwenye filamu zetu mama akipewa habari mbaya ni lazima alie kwa sauti, ashike kichwa. Mwanangu akachuchumaa mbele yake, akamwambia taratibu, "Dada, usilie. Endelea kumenya. Ukisikia jina la mtoto, kisu kisimame. Kisimame tu. Halafu umenye tena, ila ganda sasa litoke nene." Sikuelewa anataka nini na ganda nene. Walirudia mara saba. Ndizi zikaisha, nikatumwa kwa jirani kuleta mkungu mwingine. Mara ya saba kisu kiliposimama, nilisikia mtoto mmoja wa jirani, aliyekuwa anachungulia, akisema kwa Kinyakyusa kwamba mama yule ameumia. Hakuna aliyekuwa amemwambia hadithi. Na lile ganda likatoka nene, na nusu ya ndizi imo, mwanamke ambaye tangu asubuhi alikuwa akimenya ganda jembamba kama karatasi.

Hicho ndicho kipande mlichokisifu, Mhariri. Mliandika kwamba mwigizaji "ameonyesha ukomavu". Kweli ameonyesha, na anastahili sifa zake zote. Lakini kisu kile kilisimamishwa na mtu, na mtu huyo ana jina.

Filamu ikaja kuonyeshwa na kituo kimoja cha televisheni, Jumapili usiku. Dada yangu akaalika majirani, kama watu kumi na watano. Akapika ndizi na maharage, chai ikachemshwa sufuria kubwa. Mwanangu alikuwa ameweka majina yote mwishoni, kwa sababu alitaka filamu ianze na ukungu wa asubuhi bila herufi juu yake. Dada alikuwa amewaambia majirani, "Msiondoke ikiisha, majina yanakuja." Ikaisha. Likatokea jina la mwigizaji wa kwanza, likatokea la pili, na hapo kituo kikakata kikaweka tangazo la sabuni. Watu wakangoja. Likaja tangazo la pili. Dada akauliza, "Bado wanakuja?" Hakuna aliyemjibu. Wakangoja mpaka taarifa ya habari ikaanza, ndipo jirani mmoja mwanaume akasimama akasema, haya mama, hongera sana, tumeona. Asubuhi yake nikanunua gazeti lenu kumpelekea walau hilo, na ndipo nikalikosa jina mara ya pili.

Si kwake tu. Waulizeni watu wa rika la watoto wangu kuhusu Girlfriend, filamu ya mwaka 2003 iliyowasha moto wa filamu za kisasa nchini. Watakuimbia wimbo wa mwanamuziki TID neno kwa neno. Ulizeni nani aliiongoza. Aliiongoza George Tyson, Mkenya aliyekuja akafanya kazi kwetu, filamu na vipindi vya televisheni, mpaka alipofariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro mwaka 2014. Mtu huyo alipita barabara zetu, akafia kwenye barabara zetu, na vijana wengi walioangalia kazi yake hawalijui jina lake. Wakati huo huo, pale jina linapotajwa watu hulishika: Amil Shivji aliongoza Vuta N'kuvute kutoka riwaya ya Adam Shafi, ikafika tamasha la filamu la Toronto, Canada, mwaka 2021, na wasichana wa huku wanaojifunza kamera wananitajia Seko Shamte, aliyeongoza filamu ya Binti. Wanamtaja kwa sababu wamemsikia akitajwa. Msichana hawezi kutamani kazi ambayo hajui kama ina mwenyewe.

Nimeambiwa pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambulishwa kwa kazi yake. Hayo nawaachia wanasheria. Mimi ninaomba kitu kidogo. Hamuwezi kuandika habari ya mechi ya Mbeya City bila kumtaja kocha. Ikifungwa ndiyo kabisa, mnamtaja kwenye kichwa cha habari. Kitabu mkikitaja, mtunzi mnamtaja. Basi mkiandika jina la filamu au tamthilia, wekeni na jina la aliyeiongoza, hapo hapo, katika sentensi ile ile. Na kazi ikiwa mbaya, mtajeni vilevile, tujue wa kumwambia. Vituo vya televisheni navyo viache majina yapite. Ni dakika moja na nusu. Sabuni itangoja.

Jina la mwanangu sitaliandika hapa. Amenikataza, anasema itaonekana natafutia ndugu yangu sifa, na ni kweli ninayoyaomba ni ya kila filamu. Mwandishi wenu akilitaka, aiangalie filamu mpaka mwisho.

Daftari bado ninalo. Limeliwa na mchwa pembeni lakini linasomeka. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Septemba 2009, wiki tuliyouza deki. Jumatatu ile, nilipomaliza kusoma gazeti, nikalitoa sandukuni, nikaandika tarehe, nikaandika jina la filamu, kwenye mapato nikapiga mstari, na safu ya nne nikaijaza.

Mama Deki,
Mwanjelwa, Mbeya.